Severina Njiku, Muuguzi Aliyetukataza Kusema "Jikaze"

Tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Muuguzi Severina Njiku atasaini daftari la zamu kwa mara ya mwisho katika Hospitali ya Mtakatifu Damiani, Mandewa. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitano na miezi kumi na moja ya utumishi. Katika muda wote huo hakupata barua ya onyo hata moja, na alichelewa zamu siku moja tu, mwaka 1998, mvua ilipokata barabara ya Unyambwa. Siku hiyo alifika saa nne, viatu mkononi, akaomba msamaha kitanda kwa kitanda, hata kwa wagonjwa waliokuwa wamelala fofofo.

Kamati ya maandalizi iliniomba mimi, Noel Msengi wa stoo ya dawa, niandike wasifu huu. Niliwauliza kama wamekosa mtu. Mimi ni Mnyiramba, Severina ni Mnyaturu, na kwa watani kama sisi, kumsifu mwenzako hadharani ni kujitafutia kuchekwa mpaka uzeeni. Halafu kuna jambo la pili: hospitali nzima inajua kwamba mtu aliyebishana naye kwa muda mrefu kuliko wote ni mimi. Wakanijibu kwamba ndiyo sababu wamenichagua. Basi naandika, na atakayecheka acheke.

Severina alizaliwa mwaka 1965 Unyambwa, mtoto wa tatu kati ya wanane, katika familia ya wakulima wa uwele na alizeti. Alipomaliza masomo ya uuguzi aliripoti kazini tarehe 1 Agosti 1989 akiwa na sanduku la bati na jogoo mmoja, zawadi ya mama yake kwa matroni. Jogoo alijifungua kamba pale getini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya muuguzi mpya ilikuwa kumkimbiza jogoo mbele ya wagonjwa wa nje, huku wazee waliokuwa kwenye foleni wakimwelekeza akatie wapi. Alimkamata nyuma ya jiko. Matroni wa wakati huo alisema binti anayeweza kumkamata jogoo wa Unyambwa ataiweza na wodi.

Alifanya kazi wodi ya wazazi miaka sita, wodi ya wanaume miaka minne, kisha mwaka 1999 akahamishiwa wodi ya watoto. Mwaka 2006 alifanywa muuguzi mfawidhi wa wodi hiyo, na hapo ndipo amekaa mpaka leo. Wapo waliojaribu kumpandisha aende ofisini. Alikaa ofisini wiki tatu, akarudi mwenyewe akisema kiti kile kinamuuma mgongo.

Sifa yake ya kwanza ilikuwa mkono. Mtu aliyelazwa anajua kanula ni nini: kile kibomba chembamba cha plastiki kinachoingizwa mshipani kwa sindano na kuachwa humo ili dripu, damu na dawa vipite. Kuna watu ambao mishipa yao hujificha, hasa watoto walioishiwa maji mwilini. Muuguzi wa kwanza atajaribu, wa pili atajaribu, kisha mtu atasema Severina aitwe. Ameitwa kutoka kwenye chai, ameitwa kutoka kanisani, na mara moja aliitwa kutoka kwenye harusi ya binamu yake akaja na kitenge cha sare na pambo la maua kichwani. Hafanyi makeke. Anapapasa kwa vidole viwili, anafumba macho kidogo, kisha anaingiza mara moja.

Sifa yake ya pili, katika miaka hiyo, haikuwa sifa. Ameniamuru niiandike, vinginevyo hatahudhuria sherehe. Hakuna mtu katika hospitali hii aliyesema neno "jikaze" mara nyingi kuliko Severina Njiku.

Wasomaji wa hapa hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Mkoani kwetu tumelelewa nalo. Kijana huambiwa jandoni, binti huambiwa akiwa na ndoo ya maji kichwani, mkulima hujiambia mwenyewe mvua inapokatika mwezi wa pili. Severina alilisema kwa upole kabisa, huku ameshika mkono wa mtoto: jikaze mwanangu, jikaze kidogo, mtoto mzuri hajitingishi. Mtoto aliyejikaza alipewa pipi. Sote tulifanya hivyo, na tulijiona watu wema.

Kisha akaja Sikudhani. Yeye na mama yake wamenipa ruhusa ya kuandika habari hii, na mama amesema niiandike yote.

Sikudhani ni wa Ikungi, na amezaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli. Ugonjwa huo huja na maumivu makali ya mifupa, na yanapoanza, mtoto anatakiwa kuletwa mapema ili apewe maji, dawa ya maumivu, na wakati mwingine damu. Mapema ndilo neno lenyewe. Akicheleweshwa, mambo huharibika haraka. Sikudhani alikuwa mteja wetu tangu ana miaka miwili, na alikuwa bingwa wa kujikaza. Alikuwa na pipi nyingi kuliko duka.

Januari mwaka 2013, akiwa na miaka saba, aliletwa siku ya tatu ya maumivu. Midomo ilikuwa imekauka, macho ya njano, hana nguvu hata ya kulia. Mishipa yote ilikuwa imenywea. Alichomwa mara nane, watu wanne wakimshika, na mara ya tisa Severina akaupata mshipa mguuni. Damu iliingia. Daktari alituambia baadaye kwamba zingepita saa chache nyingine, tungekuwa tunazungumza habari tofauti.

Hali ilipotulia Severina alimfokea mama wa mtoto, na akifoka husikika mpaka maabara. Alitaka kujua ni mzazi gani anayekaa na mtoto wa sikoseli nyumbani siku tatu. Mama Sikudhani alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema hivi: "Sista, mimi sikujua kama anaumwa. Alikuwa anang'ata shuka chini kwa chini ili nisisikie. Nilipomuuliza kwa nini, akasema Sista Severina alimwambia ajikaze."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na katoni ya dripu. Mtoto alikuwa ametii. Alijua kwamba akisema anaumwa atapelekwa kuchomwa, na alijua kwamba mtoto mzuri hujikaza, akayaweka mambo hayo mawili pamoja kwa akili yake ya miaka saba. Kidogo tumpoteze kwa sababu ya utiifu.

Severina alikwenda nyumbani akapekua sanduku zima la daftari zake za zamani. Alikumbuka kwamba mwaka 2009, kwenye semina Dodoma, mkufunzi mmoja alizungumzia kuweka ganzi kidogo kwenye ngozi kabla ya kuingiza kanula, na kwamba yeye na wenzake walicheka. Daftari lilikuwepo. Mistari miwili ya maelezo, na pembeni amechora kuku, maana semina ilikuwa ndefu. Maelezo yenyewe hayakuwa na ugumu: unachukua bomba lenye sindano nyembamba kabisa, ile ya insulini, unavuta lignokeini kidogo, ile dawa ya ganzi, unaweka tone chini ya ngozi mpaka iinuke kama punje ya uwele, unasubiri kama dakika moja, kisha unapitisha kanula mahali palepale. Alitafuta maandishi mengine, akawapigia simu walimu wake wa zamani, akakuta kwamba jambo hilo limepimwa huko na huko na maumivu hupungua kweli.

Wiki mbili baadaye alikuja dirishani kwangu kuomba vichupa vya lignokeini vya wodi ya watoto. Nikamnyima.

Nilikuwa na hoja zangu, na nilizipenda. Lignokeini ni ya mishono, meno na tohara, ndivyo ilivyokuwa tangu nianze kazi. Pili, nilimuuliza ni akili gani ya kumchoma mtu sindano mbili ili asiumizwe na moja. Nikamwambia huko Unyambwa labda dawa ya moto ni moto, ila kwetu Iramba dawa ya moto ni maji. Tatu, nilimwambia wagonjwa wa Singida ni watu imara, ni yeye anayetaka kuwadekeza. Aliondoka bila kunijibu. Mnyaturu akinyamaza ujue anapanga.

Jumatano iliyofuata, kwenye kikao cha asubuhi, alisimama akaomba mtu mmoja imara ajitolee. Watu wote wakanigeukia. Alikuwa ameazima kichupa kutoka chumba cha meno na ameomba ruhusa kwa Mganga Mfawidhi wetu, Dokta Godfrey, ambaye alisogeza kiti chake mbele ili aone vizuri. Nikakunja mikono ya shati. Kwenye mkono wa kushoto alinipitishia kanula ya kijani, ile nene ya kuongezea damu, kavu kavu, namna tulivyozoea. Nilitamka neno la Kinyiramba ambalo haliwezi kuchapishwa kwenye jarida la hospitali ya misheni. Kwenye mkono wa kulia alinigusa na ile sindano nyembamba, nikahisi mfinyo mdogo, kisha akaniambia nitazame nje. Nikatazama upepo ukipiga shuka kwenye kamba. Baada ya muda nikamuuliza ataanza lini, maana nina kazi. Aliniambia nigeuke. Kanula ilikuwa ndani, na plasta juu yake.

Mkuki kwa nguruwe. Nilifungua stoo siku ileile, na sijafunga tena.

Wengine mtafikiri habari iliishia hapo. Ugumu ulikuwa ndio unaanza, na chanzo chake kilikuwa neno.

Mgonjwa wa kwanza mtu mzima aliyeletewa huduma hii alikuwa Mzee Mathayo wa Unyambwa, aliyelazwa kwa homa ya mapafu. Severina alimwamkia shikamoo, akamweleza kwa heshima zote kwamba wanataka kumwekea ganzi kidogo. Mzee alikaa kitako. Ganzi aliyoijua yeye ilikuwa ya kazi mbili tu, na meno yake alikuwa ameshayamaliza kung'oa. Alijikusanyia shuka mapajani, akaitangazia wodi nzima kwamba yeye ametahiriwa kabla Severina hajazaliwa, mashahidi wake wawili wako hai, na harudii. Ilibidi aletwe mwanawe kumtuliza. Mzee Mathayo husimulia kisa hiki mwenyewe kila anapokuja kliniki, na kila mwaka mashahidi wanaongezeka.

Hakuwa peke yake. Kina mama walikataa ganzi wakidhani mtoto anakwenda kupasuliwa. Wanaume walikataa wakisema mkono utakufa na kilimo kimekaribia. Severina aliona kwamba dawa ni nzuri ila jina lake linafukuza watu, akaanza kutafuta jina. Siku moja alimwambia mtoto kwamba ataenda kuilaza ngozi yake kwanza, ilale kidogo, isisikie. Mtoto akacheka, akatoa mkono. Tangu siku hiyo tunasema kulaza ngozi. Na jina hilo nalo lilikuwa na lake. Elisha, dereva wa bodaboda, aliposikia ngozi ya mke wake inalazwa, alielewa neno kulazwa tu, akawasha pikipiki, akarudi baada ya nusu saa na godoro, blanketi na sufuria ya uji. Mke alikuwa ameshamaliza dawa na anamsubiri nje.

Neno la kale nalo alilipiga marufuku. Kwenye wodi ya watoto, mtumishi yeyote atakayesema "jikaze", awe daktari au mfagiaji, atachemsha chai ya saa nne ya wodi nzima. Hakuna rufaa. Dokta Godfrey alichemsha mara mbili. Mimi nilichemsha mara nyingi kiasi kwamba walianza kuniulizia nisipokosea. Severina mwenyewe alichemsha mara moja, alipoteleza ulimi kwa mtoto wa dada yake, na chai hiyo ilikuwa na tangawizi nyingi mno.

Kwa Sikudhani alianza pole pole. Mtoto aliyechomwa mara tisa hawezi kusikia habari ya sindano ya kumwondolea maumivu ya sindano. Kwa hiyo Severina alikaa naye kitandani, akajilaza ngozi mwenyewe, nyuma ya kiganja cha kushoto, kisha akampa Sikudhani ruhusa ya kumfinya hapo kwa kucha. Mtoto alifinya kwa nguvu zake zote. Nadhani palikuwa na deni la siku nyingi. Severina hakujikunja. Ndipo Sikudhani akauliza kama na yeye anaweza kulazwa ngozi. Baadaye tulipata na krimu ya ganzi kwa wadogo zaidi, ile inayopakwa na kuachwa kama saa moja, na Severina akapanga ipakwe mapokezi ili muda wa foleni usipotee bure.

Msidhani alikuwa mtu wa kushika jambo moja mpaka akapofuka. Mama anayetokwa damu hawezi kusubiri dakika, na Severina alipitisha kanula palepale, kwanza maisha, ngozi baadaye. Mwaka 2020 vichupa vilipokosekana kwa miezi miwili, alirudi kwenye kitambaa cha maji ya moto cha kuamsha mshipa, na kuwapulizisha watoto vipande vya karatasi ili fikra ziende kwingine. Alisema wazi kwa wazazi kwamba dawa imekwisha na itauma. Watoto walilia, na hakuna aliyewanyamazisha.

Mwaka 2016 aliandika kwa mkono kurasa nne za mwongozo, nami nikazichapa. Muuguzi aulize kwanza kama mgonjwa amewahi kudhurika na dawa hiyo. Achukue ile isiyochanganywa na adrenalini. Aandike jina la dawa kwenye bomba, asije akalichanganya na lingine. Avute kidogo kabla ya kusukuma, asije akawa ndani ya mshipa. Asubiri dakika nzima kwa saa, si kwa kukisia, kwa kuwa dakika ya mtu mwenye haraka ni fupi sana. Dokta Godfrey aliusaini, na tangu hapo muuguzi wa zamu halazimiki kumtafuta daktari. Mwongozo huo uko ukutani katika wodi zetu zote tano. Wauguzi wa zahanati kadhaa upande wa Ikungi na Mkalama wamekuja kujifunza kwake, na waliokuja wengi wamerudi na alama za kanula za majaribio mikononi, maana Severina haamini mwanafunzi ambaye hajaonja.

Hata hivyo, kuna jambo lilimkosesha usingizi mwaka huu, na mwezi Februari aliniambia. Jambo hilo lilikuwa Sikudhani.

Kwa miaka kumi na miwili binti yule hakukubali mkono mwingine. Alikuja mapema, ndiyo, lakini alikuja kwa Severina. Alikuwa na namba yake ya simu, na kama Severina hakuwa zamu, alisubiri nyumbani. Mara mbili alisubiri mpaka kesho yake. Severina alijaribu kumzoesha kwa Flora, muuguzi wetu mpya mwenye mkono mzuri. Alijificha nyuma ya pazia la chumba cha dawa ili Flora aingie peke yake. Sikudhani alimwambia Flora kwamba anaona viatu vya Sista chini ya pazia. Severina alicheka akinisimulia, kisha akaacha kucheka. Alisema amemtoa mtoto kwenye hofu moja akamfunga kwenye nyingine, na kwamba tarehe 1 Julai binti atapatwa na maumivu na kukaa nyumbani akimsubiri mtu ambaye hatakuja. Aliwahi kuniuliza kama inaruhusiwa mstaafu kuitwa. Nilimwambia inaruhusiwa, lakini si kila wiki mpaka anakufa.

Sasa niwaambie yaliyotokea Jumanne ya tarehe 17 mwezi huu. Severina alikuwa mapumziko, yuko Unyambwa anaanika alizeti. Saa mbili asubuhi nilikuwa wodini nashusha dawa nikamwona Sikudhani anaingia, peke yake, anatembea taratibu, mkono mmoja kiunoni. Sasa ni binti wa miaka kumi na tisa, na kwa ukarimu wa wodi yetu bado hulazwa pale alipozoea. Alipanda basi la kwanza kutoka Ikungi. Flora alimwambia kwa wasiwasi kwamba Sista Severina hayupo. Sikudhani alijibu kwamba anajua, ni siku yake ya mapumziko, akapanda kitandani.

Flora, kwa kutaka kumwahi, alifunga mpira mkononi, akapaka spiriti, akachukua kanula. Alisahau. Ana miezi mitano kazini. Nilitaka kufungua mdomo, lakini Sikudhani aliwahi. Aliurudisha mkono wake kifuani, polepole, akasema: "Samahani dada. Hapa ninaumwa tayari, sitaki kuumizwa tena. Nilaze ngozi kwanza, nitasubiri."

Flora aliomba radhi. Akaweka lile tone, akatazama saa ya ukutani, dakika ikaisha, kanula ikaingia mara moja. Sikudhani alikuwa anasoma kitu kwenye simu. Hakuinua hata uso.

Nilitoka nje nikampigia Severina. Sikumsifia Flora wala sikumwambia nani alisema nini, maana nilipotaja tu kwamba Sikudhani yuko wodini, aliniwahi kwa swali: maumivu yalianza saa ngapi? Nikamwambia binti amesema saa kumi na moja alfajiri. Na amefika saa ngapi? Nikamwambia saa mbili. Alikuwa anahesabu, nilimsikia. Miaka kumi na miwili iliyopita zilikuwa siku tatu. Safari hii zilikuwa saa tatu, na hakumngoja mtu. Kisha nikasikia mwanamke aliyezunguka wodini miaka thelathini na mitano bila kudondosha chozi mbele ya mgonjwa akilia kama mtoto, kwa sauti, kati ya alizeti zake. Mimi ni mtani wake, nilikuwa na haki ya kumtania. Nilishika simu tu mpaka alipomaliza.

Sikudhani aliruhusiwa Ijumaa. Severina alikuwa zamu siku hiyo lakini hakwenda kumuaga kitandani. Alimwacha Flora amtoe kanula.

Dada Severina, kwa niaba ya Mganga Mfawidhi, wauguzi, maabara, jiko, walinzi, na stoo ya dawa iliyokunyima mara moja tu na kujuta miaka yote, tunasema asante. Asante kwa mishipa uliyoipata na kwa maneno uliyotunyang'anya. Tunajua unakwenda kufuga kuku na kulima alizeti Unyambwa, na kwamba wajukuu wanne wanakusubiri. Mungu akupe nguvu ya jembe, kivuli cha kupumzikia, na majirani wanaorudisha vyombo.

Na ukiumwa, dada yetu, hata kama ni kidogo, usitufiche. Njoo siku hiyohiyo. Flora yuko zamu.